Bao la ukutani halimfungi mtu

HAKUNA neno linalotamkwa kwa raha kwenye viwanja vya soka vya nchi hii kama "bao". Straika akitikisa nyavu, mtangazaji analivuta neno hilo mpaka pumzi inamwishia. Jumatatu gazetini liko kila kona: bao la mapema, bao la usiku, bao la ugenini. Shabiki wa Simba na wa Yanga hawakubaliani hata kuhusu saa ngapi sasa hivi, lakini kwenye neno hilo wako pamoja.

Sasa muulize shabiki huyo huyo mara ya mwisho kuliona bao lenyewe likichezwa ni lini. Bao la mti. Mashimo 32, kete 64, watu wawili wameinama na wengine kumi wamewasimamia vichwani, kila mmoja anajifanya kocha. Wengi watakuna vichwa kwanza. Halafu watakutajia lile waliloliona mapokezi ya hoteli, au lile la dukani kwenye vinyago, au la marehemu babu lililotundikwa sebuleni juu ya televisheni.

Hapo ndipo penye tatizo. Unguja haina upungufu wa mabao. Yapo, tena mazuri, yamechongwa yakachongeka. Kinachopungua ni mabao yaliyoko barazani, pale ambapo mpita njia anaweza kusimama, akatazama, akaomba zamu, akafungwa, akarudi kesho kulipa kisasi. Mchezo ambao watu wanaumiliki ndani bila kuucheza mbele ya wenzao unakufa taratibu, huku vifaa vyake vikipigwa vanishi.

KUTOKA BARAZANI HADI UKUTANI

Mji Mkongwe ulijengwa na baraza zake. Ile benchi ya mawe na chokaa iliyoshikamana na ukuta wa nyumba haikuwekwa pale kwa urembo. Mwenye nyumba anakaa hapo kupunga upepo, mgeni anapokewa bila kuingizwa ndani, mzee anapumzisha magoti, muuza kahawa anatua deli lake. Nyumba na njia vinakutana hapo. Bao, dhumna, keram na karata vimelelewa hapo, na ubishi wa mpira pia. Nenda Jaws Corner jioni yoyote ukaone: kikombe kidogo cha kahawa chungu, kipande cha kashata, na watu wanaofundisha kazi makocha ambao hawajawahi kukutana nao.

Mwaka 2000 Unesco iliuingiza Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Tangu hapo kila jiwe lina thamani na kila mlango una mtu wa kuupiga picha. Lakini baraza isiyokaliwa na watu ni jiwe tu, na bao lisilochezwa ni gogo lenye matundu.

Leo ukipita Gizenga, Hurumzi au Barabara ya Kenyatta, mabao yamepangwa madukani pamoja na vinyago, makasha na picha za Tingatinga. Mgeni analipenda, anapatana bei, analisokomeza kwenye begi. Hakuna ubaya, fundi seremala anapata riziki yake. Ila ukikuta ubao wa safu mbili tu umeitwa bao, ujue umeuziwa kitu kingine. Bao la Kiswahili lina safu nne, kila safu mashimo manane.

Hoteli nazo zinalo. Limewekwa mapokezi, safi, linanukia mafuta ya mbao, pembeni kuna bakuli la kete. Zihesabu hizo kete. Mara nyingine hazifiki 64, na hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna anayezihesabu. Ukitaka kujua kama bao linachezwa au ni pambo, usitazame nakshi zake. Hesabu kete.

Kisha kuna majumba ya watu. Mzanzibari anayeishi Muscat au London akirudi likizo anataka kuondoka na kipande cha kwao. Familia nyingine imerithi bao la mzee na inaogopa kulitoa nje lisije likapasuka. Wote wana sababu, na sababu zao si za kupuuzwa. Lakini matokeo yake ni yale yale: bao moja zaidi limehama mtaani.

MCHEZO HUU NI WA JUKWAA

Kwa shabiki wa mpira ambaye hajawahi kukaa mbele ya bao, mambo yako hivi. Kila mchezaji ana kete 32. Anaanza na kumi tu ubaoni: sita kwenye shimo kubwa la safu ya mbele linaloitwa nyumba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Zilizobaki, 22, ziko mkononi. Kipindi cha kwanza ni cha kunamua. Unaingiza kete moja moja, unakula za mwenzako zilizoelekeana nawe, unazisambaza upande wako. Hapa watu wanasomana, kama timu mbili katika dakika ishirini za mwanzo.

Kete za mkononi zikiisha, inaanza mtaji. Sasa hakuna tena cha kuongeza kutoka nje, hakuna wa kuingia kutoka benchi. Ulichonacho ubaoni ndicho ulichonacho. Safu yako ya mbele ikibaki tupu, au ukikosa pa kucheza, umefungwa.

Angalia kisichokuwepo. Hakuna dadu. Hakuna karata iliyofichwa. Hakuna upepo wa kulaumu, hakuna uwanja mbovu, hakuna refa aliyekubania wala VAR ya kusubiri. Kila kete iko wazi, machoni pa watu wote. Ukifungwa, umefungwa na mtu aliyekuzidi kichwa, na kila aliyesimama pale ameona.

Kwa sababu kila kitu kiko wazi, bao ni mchezo wa watazamaji kuliko hata mpira. Shabiki wa jukwaani Amaan anapiga kelele "piga!" bila kujua kama mchezaji anaona goli. Mtazamaji wa bao anaona kila anachokiona mchezaji. Anaweza kuhesabu naye, akajua kabla ya mkono kuinuka kwamba kete ya mwisho itaangukia pabaya, akanyamaza kwa shida huku anatafuna ulimi. Mchezo ukiisha ndipo uchambuzi unaanza: ulikuwa unyamaze na nyumba, kwa nini uliitoa mapema, ile kete ya kule kichwani ndiyo iliyokumaliza. Darasa la bao liko hapo. Watu wengi hawakujifunza bao kitabuni. Walisimama nyuma ya wakubwa, wakatumwa kahawa, wakarudi, wakaendelea kusimama.

Baraza pia ndiyo refa. Mikono ya mafundi inakwenda kasi, kete zinadondoka shimoni kama mvua ya vuli. Ukiruka shimo moja, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, kuna mzee pembeni ambaye hata hakuonekana anatazama, na yeye ndiye atakayesema. Sebuleni nani atasema? Mtoto anayecheza na baba yake hawezi kumwambia baba umeiba kete. Mgeni aliyealikwa chakula hawezi kumkaba mwenyeji. Sebule ina adabu zake, na adabu hizo ni nzuri kwa chakula cha mchana. Kwa mashindano hazifai.

Mpira una mfano wake. Kila mtaa una kijana anayepiga danadana mia mbili uani kwao, mguu wa kulia, wa kushoto, kichwa, bega. Mpeleke Amaan mbele ya nyomi, mpe beki anayekuja na nia mbaya, umtazame tena. Kipaji cha uani ni ahadi tu. Uwanjani ndiko ahadi inakolipwa.

Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alipotaka kujua akili ya mwanadamu inaweza kubeba hesabu kiasi gani, hakufungua makabati ya makumbusho ya Ulaya. Alikuja Zanzibar, kwa mafundi wa bao. Kazi hiyo ikawa tasnifu yake ya udaktari Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995. Alichokuwa anakitafuta hakikuwa ndani ya ubao. Kilikuwa kwenye vichwa vya wazee waliocheza mbele za watu miaka nenda miaka rudi, wakafungwa mara nyingi mpaka wakajifunza kutofungwa.

Wakubwa nao walilijua hilo. Historia inaeleza kwamba Mzee Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, alipouawa Aprili 7, 1972, alikuwa makao makuu ya ASP Kisiwandui, kwenye bao, pamoja na wenzake. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mcheza bao. Rais hakosi chumba cha kuwekea mchezo wake na hakosi mtu wa kumletea chai. Lakini Mzee Karume bao lake alilifuata kule chamani, kwenye watu.

WAMAREKANI WALISHAPITA HAPA

Ugonjwa huu si wa Unguja peke yake. Marekani kuna mchezo wa mashine unaoitwa pinboli: meza iliyoinama, kioo juu, gololi ya chuma inakimbia ndani, na mchezaji ana vibawa viwili vya kuipiga isidumbukie chini. Vibawa hivyo vilianza kutumika mwaka 1947. Mashine zilikaa baa, migahawani na vituo vya basi. Unatia sarafu, unacheza, anayefuata anasubiri nyuma yako huku anakuchungulia.

Jiji la New York liliupiga marufuku mwaka 1942, kwa hoja kwamba ni kamari ya kuharibu vijana. Meya Fiorello La Guardia alipigwa picha akizivunja mashine kwa nyundo. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1976, pale mwandishi Roger Sharpe alipocheza mbele ya wajumbe wa baraza la jiji. Aliwaambia kabla ya kupiga gololi itapita wapi, ikapita hapo hapo. Marufuku ikaondolewa. Yaani kilichouokoa mchezo ule ni mtu mmoja kucheza mbele ya watu wasioamini. Angefanya maajabu yale nyumbani kwake, New York ingebaki na sheria yake.

Baadaye michezo ya video ikaja, wenye baa wakaziona mashine za pinboli ni mzigo: zinaharibika, zinataka fundi, zinakula nafasi. Mwaka 1999 kampuni kubwa ya Williams ikaacha kuzitengeneza, na kwa miaka kadhaa ikabaki Stern karibu peke yake. Mashine zikahamia majumbani kwa wakusanyaji. Kuna mtu ana moja, kuna mwenye kumi, zimejipanga chini ya nyumba kama magari ya tajiri.

Wakusanyaji wale wanastahili heshima. Walitunza vipuri, walijifunza kutengeneza, bila wao mashine nyingi zingeishia kwenye vyuma chakavu. Lakini uhai wa pinboli ulirudi pale mashine ziliporudi mahali ambapo mtu asiyejulikana anaweza kuzigusa, zikaanzishwa ligi, watu wakapangwa kwa viwango kama wacheza tenisi. Nyumba ilihifadhi mashine, na watu wa nje ndio waliorudisha mchezo. Kazi hizo mbili ni tofauti, na moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine.

VIJANA HAWAJAKIMBIA, WAMEKOSA BAO

Utasikia wazee wakisema vijana wa siku hizi hawataki bao, wanataka simu. Hoja hiyo inaonekana kweli mpaka upite kwenye kibanda cha gemu Ng'ambo siku ya Jumamosi. Kibanda kimejaa. Padi mbili, watoto kumi na tano. Wawili wanacheza mpira wa kwenye skrini, 13 wanatazama, na sheria ni ile moja: anayefungwa anatoka, mshindi anabaki. Kelele, kejeli, uchambuzi, kisasi. Gemu za mpira zipo kwenye simu pia, mtoto angeweza kulala kitandani kwao akacheza peke yake. Hataki. Anatoa hela yake ili afungwe mbele ya watu.

Hiyo ni baraza ya bao iliyobadilisha vifaa. Mfumo ni ule ule, damu ni ile ile. Kijana wa Unguja hajaacha kupenda mchezo wa hadharani hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba kwenye njia yake anayopita kwenda skuli kuna padi inayomsubiri, na bao halipo. Bao liko ndani, juu ya kabati, na mama amesema lisiguswe.

Ndiyo maana kumlaumu kijana ni kumwonea. Huwezi kumfungia mtu mpira kabatini halafu ukalalamika hajui kupiga chenga.

Na muda hauko upande wa bao. Kwenye vijiwe vinavyobaki, vichwa vingi vina mvi. Fundi wa bao akiondoka bila kuacha aliyemfunga angalau mara moja, ameondoka na kila kitu. Ubao wake utabaki, watoto wataugawana kwenye mirathi, lakini ile hesabu ya mitaji minne mbele hairithiwi na mtu. Lazima aliyekuwa anaitumia akutandike nayo mpaka uielewe.

HOJA ZA WENYE MABAO

Wanaoyaweka mabao ndani wana majibu yao, na yanastahili kusikilizwa.

Wa kwanza anasema: nikilitoa nje litaharibika. Kweli. Mvua ya masika haina adabu, chumvi ya bahari inakula mti, na komwe zinapotea. Mtoto anatia mbili mfukoni, kesho zimekuwa gololi. Lakini komwe ni mbegu, mti wake unaota porini kando ya pwani. Ubao ukichoka, fundi yupo. Bao kongwe la familia lenye nakshi libaki ndani, sawa kabisa. Hakuna anayetaka Kombe la Dunia lichezewe chandimu. Chonga la pili, la kawaida, liwe la kazi.

Wa pili anasema: barazani kuna makelele, uvivu na kamari. Makelele yapo, na mwenye mpira ndiye wa mwisho kulalamika kuhusu makelele. Kuhusu kamari, bao ni mchezo mgumu kuutia kamari kwa sababu bahati haina nafasi, na anayekuzidi atakuzidi kesho na keshokutwa. Kamari ya kweli leo imo kwenye simu ya kila shabiki, kwenye mikeka ya timu nane, na hiyo inafanyika kimya kimya chumbani. Uvivu? Adhana ikilia, kete zinaachwa shimoni zilivyo, watu wanakwenda kuswali, wakirudi kila mmoja anajua ilikuwa zamu ya nani. Ni mikutano michache ya ofisini yenye nidhamu hiyo.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito, na mara nyingi ni mwanamke. Anasema: baraza mnayoisifia ni ya wanaume. Mimi na binti yangu bao tunalicheza ndani kwa sababu nje hatuna nafasi. Mkilitoa ndani, mmetunyang'anya.

Hapo watetezi wa baraza wanapaswa kunyamaza kwanza. Ni kweli. Baraza nyingi za Mji Mkongwe na Ng'ambo ni za wanaume, na mwanamke anayepita hapo huharakisha hatua. Kwa wanawake wengi nyumba ndiyo uwanja pekee walio nao. Lakini tiba ya hilo ni kupanua hadhara, na Zanzibar imewahi kuona inavyofanyika. Mwaka 2007 ilitoka filamu ya Florence Ayisi, Zanzibar Soccer Queens, kuhusu timu ya wanawake ya Women Fighters. Wale mabinti waliambiwa mpira si wao, wakaingia uwanjani wakacheza mchana kweupe, na watu wakazoea kuwatazama. Wangebaki kupiga danadana uani, filamu isingekuwepo na wasichana wadogo wasingejua kuwa inawezekana. Bao nalo linataka wake hao: uwanja wa skuli, ukumbi wa jamii, baraza ya kina mama, meza moja Forodhani jioni ambapo familia nzima imetoka kula urojo.

Kuna na wa nne, wa programu ya simu. Anasema bao lipo kwenye simu, shida iko wapi? Simu ni mwalimu mzuri wa sheria. Haichoki, na haikucheki. Ndiyo shida yake. Sehemu kubwa ya bao ni kule kuchekwa. Mtu aliyefungwa mbele ya muuza kahawa hulala anafikiria ile kete, na asubuhi anajua alipokosea. Aliyefungwa na simu anaanza upya tu.

KIFANYIKE NINI

Hakuna haja ya kamati wala semina yenye bahasha. Haya yanatekelezeka wiki hii.

Kila hoteli iliyoweka bao mapokezi ihakikishe kete zake zinafika 64, na siku moja kwa wiki ilitoe kwenye baraza yake ya nje, imwite fundi mmoja wa mtaa, imlipe kama inavyomlipa mpiga ngoma wa usiku wa taarabu. Mgeni aliyeona bao linachezwa atanunua kwa bei nzuri zaidi kuliko aliyeona pambo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Matawi ya mashabiki yaliyojaa Unguja yanaweza kufanya kitu ambacho serikali haiwezi. Tawi lina viti, lina televisheni, lina watu wanaofika saa mbili kabla ya mechi na hawana la kufanya zaidi ya kutukanana. Weka bao moja hapo. Simba tawi fulani wacheze na Yanga tawi fulani, kabla ya dabi, mbele ya watu. Utani wa jadi utapata uwanja ambao hakuna anayeweza kudai penalti.

Kombe la Mapinduzi linachezwa kila Januari, na uwanja wa Amaan uliofanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2023 una eneo la kutosha nje ya mageti. Watu wanaosubiri mechi ya usiku wangekuta pale meza kumi za bao, mzee upande mmoja na mwanafunzi wa skuli upande wa pili. Kisha inakuja AFCON 2027, ya Tanzania, Kenya na Uganda pamoja. Mashabiki wa Afrika nzima watakuja ukanda huu. Wengi wao kwao kuna michezo ya kusambaza kete kwenye mashimo, wanaijua kwa majina mengine na sheria nyingine. Mghana ana oware yake, Mganda ana omweso wake. Mtu wa namna hiyo humwonyeshi bao ukutani. Atakuuliza: zamu ni ya nani?

Na kila mwenye bao nyumbani, ambalo amelinunua au amelirithi, abaki nalo. Ni lake. Anaombwa jambo moja tu: alifuatishe mguu wake angalau mara moja kwa wiki. Ijumaa baada ya alasiri, au usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, wakati mtaa mzima uko nje na hakuna anayetaka kulala. Aliweke barazani, apange kete sita kwenye nyumba, mbili na mbili pembeni, zilizobaki azishike mkononi, halafu asubiri. Hatasubiri sana. Bao lililo wazi halikosi mtu wa kulisogelea.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wapo watakaouelewa msemo huo kuwa ni ruhusa ya kujifungia ndani. Lakini wahenga hawakusema mcheza chumbani kwake. Kwao ni kwa watu wake: jirani, muuza kahawa, mzee mwenye macho makali, kijana anayesubiri zamu. Hao ndio wanaotunza. Ukuta hautunzi mchezaji, wala haujawahi kumpigia mtu makofi.